Ukikopi Meseji ya Mtu, Kopi Pia Kufuta Kwake

Wasee wa machaneli na magrupu, leo naongea na nyinyi. Hasa wewe mwenye boti inayotoa meseji grupu moja na kuzimwaga kwa mengine matano ukiwa umelala. Niko na jambo moja tu na nitalitoa mapema ili usiseme nilikuzungusha: kama boti yako inaweza kukopi meseji ya mtu, ni lazima iweze pia kuifuta pale mwenyewe anapoifuta. Kama haiwezi, izime hadi iweze.

Kwa wale hawajui tunaongea nini, boti hapa si ile ya kuvukia Lamu. Ni programu inayokaa ndani ya Telegram kama mtumiaji mwingine, tofauti ni kwamba hailali na haichoki. Unaiweka kwa chaneli ya kwanza, unaiambia chochote kikitua hapo ikipeleke kwa ya pili, ya tatu na ya nne. Ndiyo maana tangazo moja la bedsitter Juja linakufikia mara tatu kwa dakika moja, kwa magrupu matatu yenye maadmini tofauti. Chaneli za kazi, za nyumba, za vitambulisho vilivyopatikana, za odds, nyingi zinajilisha hivyo.

Mimi mwenyewe huwa nawekea watu hizi boti. Niliacha chuo mwaka wa pili na hii ni moja ya kazi ndogo zinazonilipia WiFi, kwa hivyo usinisome kama mtu anayechukia boti. Nazipenda. Ninachokataa ni boti ya njia moja: inabeba meseji kwenda, lakini mwenyewe akiifuta haina habari. Kule ilikoanzia imeisha, kule ilikopelekwa inaendelea kuishi, inafowadiwa, inapata wasomaji wapya kila siku. Na Telegram haitakusaidia hapo. Ukifowadi meseji, nakala yako inabaki hata asili yake ikifutwa.

Sasa uliza hiyo nakala inabeba nini.

Chukua tangazo la mtoto aliyepotea. Hilo ndilo tangazo linalosambazwa haraka kuliko yote, na ni vizuri lisambazwe. Liko na jina kamili la mtoto, picha yake akiwa na yunifomu, jina la shule, mtaa wanaoishi na namba ya mama. Tuseme mtoto anapatikana jioni hiyohiyo, alikuwa ameenda kwa shangazi yake bila kuaga. Mama anashukuru Mungu, anashukuru grupu, anafuta tangazo. Kwake stori imeisha. Kwa boti yako haijaisha. Miezi sita baadaye uso wa huyo mtoto, shule yake na mtaa wake bado viko kwa machaneli ambayo mama hajui hata kama yapo. Na namba yake bado inapigwa. Wengine ni watu wema waliochelewa. Wengine ni wale wa "tuko na mtoto wako hapa, tuma elfu tano ya fare tumlete". Huyu mama alifanya kila kitu sawa. Alifuta. Aliyemwangusha ni boti ya mtu asiyemjua.

Au chukua kitambulisho kilichopatikana. Mtu anaokota kwa stage, anapiga picha, anaposti: mwenyewe ajitokeze. Anajitokeza, anapewa, posti inafutwa. Lakini ile picha ina jina lake lote, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na mahali alikozaliwa. Kama unadhani namba ya kitambulisho ni kitu kidogo, kumbuka Juni 2021, Wakenya walipoanza kujiangalia kwa eCitizen na wengi wakajikuta wameandikishwa kwa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi kukanyaga ofisi zake. Sisemi namba hizo zilitoka Telegram. Nasema hii nchi iko na watu wanaojua kutumia namba yako vizuri kukuliko wewe.

Halafu kuna pesa. Kuna mchango wa hospitali, mweka hazina anaandika namba ya M-Pesa akiwa na haraka, anakosea tarakimu moja. Anagundua baada ya dakika mbili, anafuta, anatuma nyingine iliyo sawa. Kwa grupu la kwanza mambo ni safi. Kwa magrupu manne yanayolishwa na boti, sasa kuna meseji mbili zenye namba mbili, na hakuna anayejua ni ipi ya kweli. Ile mbaya ndiyo ilifika kwanza, ndiyo watu wameshafowadia wazazi wao. Mgonjwa anangoja, pesa inaenda kwa simu ya mtu asiyehusika, na wewe unajua venye kurudishiwa pesa na mtu usiyemjua ni vita.

Kwa nini boti nyingi haziwezi kufuta? Si uchawi, na si ati haiwezekani. Ni uvivu umechanganywa na kikwazo kimoja cha kweli.

Kikwazo ni hiki. Kwa ile njia ya kawaida ambayo Telegram imewapa watengeneza boti, boti inaambiwa meseji mpya ikiingia. Inaambiwa pia meseji ikihaririwa. Lakini ikifutwa kwa grupu au chaneli ya kawaida, boti haiambiwi kitu. Kimya. Ni zile tu zimeunganishwa na akaunti za biashara ndizo hupewa habari za meseji zilizofutwa kwa mazungumzo ya hiyo akaunti. Kwa hivyo mtu akikuambia "boti yangu haioni kufutwa", hadanganyi. Anakosea pale anapoishia hapo.

Kwa sababu njia ziko, na hazihitaji digrii.

Ya kwanza ni daftari. Kila meseji ya Telegram ina namba yake. Boti ikikopi meseji namba 512 kutoka chaneli ya kwanza, nakala kwa chaneli ya pili inapata namba tofauti, tuseme 88, na Telegram inaiambia boti hiyo namba papo hapo. Iandike: 512 ni 88 kule, ni 1,204 pale kwingine. Bila hili daftari huwezi kufuta kitu, kwa sababu hata ukiambiwa 512 imefutwa hujui ufute ipi. Boti nyingi ninazofungua zimeruka hii hatua kabisa. Zinakopi na kusahau. Na chunga albamu: picha nne zikitumwa pamoja unaziona kama meseji moja, lakini ni meseji nne zenye namba nne. Andika zote, la sivyo utafuta moja na kuacha tatu.

Ya pili ni amri. Mpe mtu njia ya kumwambia boti mwenyewe. Badala ya kufuta kwa mkono, anajibu meseji yake na neno /futa, boti inaangalia kama kweli ni yake, inaifuta pale na kila nakala iliyo kwa daftari. Hii inapita ule ukimya wa Telegram bila shida. Lakini hakikisha boti ni admini mwenye ruhusa ya kufuta kwa kila grupu inalopeleka. Kwa grupu ambapo si admini, hata meseji yake yenyewe ikizidi saa 48 haiwezi kuigusa tena.

Ya tatu ni kutumia akaunti ya kawaida inayoendeshwa na programu, kwa maktaba kama Telethon. Akaunti ya mtu huambiwa meseji zikifutwa. Ila si kila mara habari hufika, na kwa magrupu madogo unapewa namba ya meseji bila kuambiwa ni ya grupu gani, kwa hivyo daftari linakuwa muhimu zaidi. Ndiyo maana inafaa kila baada ya masaa kadhaa programu irudi nyuma, iulize Telegram zile namba bado ziko au la. Zinazorudi tupu zimefutwa, na nakala zake zifuate. Usiache lile faili la kuingilia akaunti kwa seva ya bure ya mtu, kwa sababu akilipata ameingia kwa Telegram yako yote. Na usitumie hii njia kuchota meseji za grupu ambalo limefunga kufowadi. Wamefunga kwa sababu.

Hiyo ndiyo kazi yote. Wikendi moja, na chai.

Lakini sisi tumetumia wikendi zetu kwa kitu kingine. Tumejenga antidelete. Angalia zile boti za WhatsApp ambazo vijana wa hapa wanarushiana linki zake, angalia orodha ya vitu zinavyojigamba navyo: hukosi antidelete. Mtu akifuta, boti inainasa ile meseji na kukuletea inbox. Kabla ya hapo ilikuwa GB WhatsApp, ambayo si ya WhatsApp wenyewe na imefanya akaunti za watu wengi zifungwe, lakini watu waliivumilia kwa sababu moja tu: kuona kilichofutwa. "Nimeona umefuta meseji, ulikuwa unasema nini?" Hiyo sentensi imevunja mahusiano mengi mjini kuliko umbali.

Naelewa utamu wake. Mimi pia ni mnoma wa umbea. Lakini tuangalie ilikotoka hii haki. WhatsApp ilipoanza kuruhusu kufuta kwa wote mwaka wa 2017, ulikuwa na dakika saba tu. Baadaye ikawa saa moja na kitu, na mwaka wa 2022 ikapanda hadi zaidi ya siku mbili. Telegram tangu Machi 2019 inakuruhusu kufuta meseji yoyote kwa mazungumzo ya watu wawili, pande zote mbili, hata iwe ya mwaka jana. Hizi ni kampuni, si kanisa. Ziliongeza muda kwa sababu watu walitaka nafasi ya kusema: nilikosea, nimebadilisha mawazo, hiyo haikuwa yako, hiyo haifai kuwa hapo tena. Sisi tukachukua ujuzi wetu na kuziba hiyo nafasi.

Najua mtajibu nini. Nimesoma komenti zenu za kutosha.

Mtasema: kuna skrinshoti, kwa hivyo kufuta ni kujidanganya. Kuna skrinshoti, kweli. Lakini skrinshoti ni mtu mmoja ameamua kwa mkono wake, na anaweza kuulizwa. Boti inakopi kila kitu cha kila mtu bila kuamua chochote, kwa maelfu ya wasomaji, na hakuna wa kuulizwa. Mlango wa mabati unaweza kuvunjwa kwa teke, na bado kila asubuhi unaufunga na kufuli ukitoka.

Mtasema: mtu akiposti hadharani amekubali. Amekubali kwa grupu alilochagua, kwa shida aliyokuwa nayo siku hiyo. Mama wa yule mtoto alikubali uso wa mwanawe utafutwe, hakukubali uwekwe kama mapambo ya chaneli yako.

Mtasema: hii ni stori ya amani, haina uzito. Rudi Juni 2024. Wakati wa maandamano ya Mswada wa Fedha, watu walikuwa wanatuma kwa magrupu mahali walipo, namba za mawakili, namba za madaktari waliojitolea, majina ya walioshikwa. Na vijana walikuwa wanatekwa. Meseji ya kusema "niko nyumba fulani, niko salama" inaokoa mtu saa mbili usiku, na inaweza kumchoma saa nane. Mtu akiifuta saa tatu, hafuti kwa sababu ana aibu. Anafuta kwa sababu anaogopa. Hapo boti ya njia moja haina tofauti na jirani anayeonyesha wageni mlango wako.

Sasa ile hoja nzito, na hii naiheshimu. Mtasema: kufuta ni chaka la wakora. Ajenti feki anaposti nyumba Roysambu, anakula deposit ya watu wanane, anafuta tangazo, anafuta na mazungumzo, amepotea. Admini akiwa na nakala, angalau kuna ushahidi. Boti ikifuta kila kitu anachofuta, si imekuwa mfagizi wa mwizi?

Jibu langu ni kwamba ushahidi ni wa kuwekwa, si wa kutangazwa. Hivyo ni vitu viwili. Tangazo likifutwa, nakala zote za hadharani ziondoke, na mahali pake boti iache mstari mmoja: "Tangazo hili limeondolewa na mwenyewe." Hapo tu mteja anajua kulikuwa na kitu na kimetolewa. Yale maneno yenyewe yakae kwa admini pekee, yamefungwa, siku 30. Mtu akija na malalamiko na meseji yake ya M-Pesa, anasaidiwa, na anaenda polisi na kitu mkononi. Siku 30 zikiisha bila malalamiko, yafutwe kabisa. Na kama wewe ndiye uliibiwa, mazungumzo uliyoyahifadhi kwa simu yako ni yako, hakuna anayekwambia uyafute. Ninachopinga ni kuweka maelfu ya watu wasio na hatia wazi milele kwa sababu kuna ajenti mmoja mwizi.

Na kwa wale wanaoelewa tu lugha ya faini, sheria iko. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 40, inampa mtu haki ya kuomba data yake irekebishwe, au ifutwe kama huna tena idhini ya kuikalia au uliipata isivyo halali. Na hapo ndipo panaponifurahisha: inasema pia kwamba kama ulikuwa umepeleka hiyo data kwa wengine, uchukue hatua za kuwaambia kwamba mwenyewe ameomba irekebishwe au ifutwe. Soma tena. Hiyo ni boti yangu ya njia mbili, imeandikwa na Bunge. Kuna msamaha kwa mambo ya nyumbani na ya kibinafsi, ndiyo, lakini chaneli ya watu elfu kumi inayouza matangazo si mambo ya nyumbani. Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya Nairobi 1,850,000 kwa picha ya mteja. Wewe na chaneli yako ya bedsitter hamna hizo pesa.

Basi kama uko na boti, wiki hii fanya hivi:

1. Fungua daftari la namba. Kila nakala ijulikane imetoka wapi na iko wapi.
2. Weka amri ya /futa na uibandike juu ya kila grupu, kwa lugha ambayo nyanya yako anaelewa.
3. Peleka marekebisho pia, si kufuta pekee. Namba ya M-Pesa ikibadilishwa, ibadilike kila mahali.
4. Matangazo ya watoto, vitambulisho na wagonjwa yapewe muda. Siku 14 zikiisha, boti iulize aliyeposti kama yabaki. Asipojibu, yaondoke.
5. Huwezi kufuta kwa chaneli fulani? Usikopi huko. Peleka linki ya posti ya kwanza tu. Posti ikifutwa, linki inakufa nayo, na hujabeba mzigo wa mtu.

Nimeanza kukataa kazi za watu wanaotaka boti bila namba moja na namba mbili. Mmoja aliniambia nitakosa wateja. Pengine. Aende kwa mwingine, lakini mwingine naye awe amesoma hii.

Na wewe usiye na boti, una kazi moja leo jioni. Ingia kwa lile grupu lenu kubwa, posti kitu kisicho na madhara, hata "natafuta paka aliyepotea, anaitwa Githeri". Ngoja saa moja, kisha futa. Halafu tafuta "Githeri" kwa magrupu mengine uliyomo na uhesabu ni mangapi bado yanamtafuta huyo paka. Kila moja utakayompata, mwandikie admini wake umuulize: kama hii ingekuwa picha ya mdogo wangu, ungeiondoa vipi? Akikosa jibu, unajua la kufanya na hilo grupu.